Je, kumfuata mwalimu mwingine wa dansi ni utovu wa shukrani?

*Shangazi, nina umri wa miaka 17. Mwalimu wangu wa dansi amenilea tangu utotoni, hata mama alipokosa ada. Sasa mtunzi wa dansi aliyeniona jukwaani anataka kuninoa, lakini mwalimu amesema nikienda nisirudi. Je, nikimwacha nitakuwa mtovu wa shukrani?*

Mwanangu, hapana. Wema aliokutendea mwalimu wako ni mkubwa, lakini haulipwi kwa kubaki mahali ulipokwisha kujifunza yote yaliyopo. Yeye ndiye aliyekurudisha nyuma tena na tena mpaka ukajua, baada ya kuruka, kutua kwa vidole kwanza, ndipo kisigino kifuate, huku goti likielekea kule vidole vinakoelekea. Kazi hiyo watazamaji hawaioni, ila bila yake huenda magoti yako yangekwisha kuumia. Mlezi wa baadaye ana kazi nyingine: kukutambulisha kwa watu, kukuandaa kwa usaili na kukusomea mkataba kabla hujautia saini.

Misty Copeland wa Marekani alianza balei akiwa na miaka 13, chini ya Cynthia Bradley. Alipokwisha kuwa mchezaji wa kulipwa alipata mlezi mwingine, Raven Wilkinson, mwanamke mweusi aliyejiunga na kundi la balei la Ballet Russe de Monte Carlo mwaka 1955 na aliyeujua ubaguzi wa jukwaani kwa kuupitia. Mwaka 2015 Copeland akawa Mmarekani mweusi wa kwanza wa kike kuwa mchezaji mkuu katika kundi la balei la American Ballet Theatre. Bradley asingeweza kumpa alichopewa na Wilkinson, wala Wilkinson hakuwa na haja ya kurudia kazi ya Bradley.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba barua yako haisemi lolote kuhusu mtunzi huyo zaidi ya kwamba alikuona. Mazoezi yatafanyika wapi, na nani mwingine atakuwepo? Mama aende kuona mwenyewe, azungumze na vijana aliowahi kuwafundisha. Mtunzi huyo akitaka mkutane faraghani au umfiche mama jambo lolote, achana naye, hata awe na jina kubwa kiasi gani.

Kuhusu mwalimu wako, kauli ile naisikia kama uchungu wa mzazi kuliko amri. Nenda na mama siku isiyo ya mazoezi, mshukuru kwa kutaja aliyokufanyia, kisha mwombe akuruhusu kuendelea kuhudhuria darasa lake mara moja kwa wiki. Akikataa, usibishane naye. Nenda, na utakapopata onyesho lako la kwanza mpelekee mwaliko mwenyewe, kwa mkono wako.