Jibu: Nyumba ya Minnesota ikibaki tupu Desemba hadi Februari, kupunguza joto hakutoshi

Ndugu uliyeuliza, umesema utakuwa hapa Nairobi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, nyumba yako ya Minnesota, Marekani, haina mtu, na unataka kujua kama kushusha joto tu kutayalinda mabomba yasigande. Hakutoshi. Mimi nilifanya hivyo hivyo.

Januari 2019 nilikuwa hapa Nairobi, mtaa wa Umoja, tumekuja kwa mipango ya mahari ya mdogo wangu. Nyumba yangu karibu na Minneapolis nilikuwa nimeiacha kwenye digrii 10 za Selsiasi ili bili isipande. Tarehe 30 baridi ya kule ilifika digrii 33 chini ya sifuri. Siku ile kulikuwa kimya. Hali ya hewa ilipolegea siku chache baadaye, jirani akanipigia simu: maji yanatoka chini ya mlango wa jikoni. Bomba hupasuka likiwa limeganda, lakini barafu huziba ufa. Maji huanza kumwagika barafu ikiyeyuka. Valvu kuu, ile inayofunga maji yote yanayoingia nyumbani, sikuwa nimeifunga, kwa hiyo yalimwagika hadi jirani alipopata mtu wa kuifunga.

Kile kipande cha bomba ninacho mpaka leo. Ni cha shaba, ufa una urefu wa kidole, na kingo zake zimefumuka kwenda nje kama soseji iliyopasuka kwenye kikaango. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na yale yaliyobanwa kati ya barafu na mfereji uliofungwa hayana pa kwenda. Bomba lile lilipita ndani ya ukuta wa nje, nyuma ya sinki, na kabati la chini nililifunga kabisa. Joto la nyumba halikulifikia.

Kwa hiyo funga valvu kuu, kisha toa maji yote. Sisi wa Nairobi tumelelewa kuogopa mfereji uliosahauliwa wazi siku ya mgao. Maji yakirudi usiku, asubuhi zulia linaelea. Kule, ukishafunga valvu kuu, mifereji yote iache wazi, ya ghorofani na ya chini kabisa, ya moto na ya baridi, ili hewa iingie juu na maji yatoke chini. Flashi vyoo hadi tangi zikauke. Hita ya maji uizime kwanza, umeme au gesi, ndipo uimwage, maana hita ya umeme ikiwashwa bila maji inaungua. Mpira wa bustani uchomoe kabisa. Mashine ya kufulia pia ina maji kwenye mipira yake, na watu wengi huisahau.

Maji yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya sinki na ndani ya choo hayatoki kwa njia hiyo. Humo mimina dawa ya kuzuia kuganda inayouzwa kwa ajili ya mabomba ya nyumba. Usitumie ile ya radieta ya gari, tafadhali, ni sumu.

Joto la nyumba usizime hata baada ya hayo. Liache digrii 13 za Selsiasi au zaidi, na fungua milango ya makabati ya jikoni na bafuni. Kama nyumba yako hupashwa joto kwa maji yanayozunguka kwenye radieta za ukutani, mfumo huo usiuguse, mwachie fundi.

Soma mkataba wako wa bima kabla ya kusafiri. Bima nyingi hazilipi bomba likipasuka kwenye nyumba tupu ikiwa hukuacha joto au hukutoa maji. Na mpe mtu unayemwamini ufunguo aingie ndani kila wiki, aguse kuta, aangalie dari. Jirani yangu hakuwa na ufunguo. Aliona maji yalipokwisha kufika nje.

Ukikwama kwenye kuimwaga hita, niandikie hapa hapa na unieleze ni ya umeme au ya gesi.