Mafaili Yaliyofichwa, Yaliyofutwa na Yaliyofungwa: Cha Kufanya Baada ya Kompyuta Kuingiliwa na Virusi

Mteja anaponiletea kompyuta au flashi iliyoingiliwa na virusi, swali langu la kwanza halihusu aina ya virusi wala ukubwa wa hasara. Humuuliza amefanya nini tangu alipogundua kwamba mafaili yake hayaonekani. Katika kazi yangu ya kuchapa, kutoa nakala na kutengeneza kompyuta hapa Langoni, Lamu, nimeona kwamba jibu la swali hilo huamua mambo kuliko ustadi wa fundi yeyote. Wengi huwa wameshashauriwa na jamaa au jirani waifomati flashi, au waweke Windows upya ili virusi viondoke, na virusi huondoka kweli, lakini kazi ya miaka huondoka navyo.

Ushauri wangu ni kwamba usifanye lolote kabla ya kujua mafaili yako yamepatwa na nini hasa, kwa maana yanaweza kuwa yamefichwa, yamefutwa au yamefungwa, na hatua inayoyaokoa yaliyofichwa inaweza kuyaangamiza yaliyofutwa.

Kufichwa ndiko kunakotusumbua zaidi huku kwetu, kwa sababu flashi moja hutoka shuleni ikaingia saiba, ikapita ofisini, ikarudi nyumbani usiku. Virusi vya aina hii huyapa mafaili halisi alama ya kufichwa na alama ya mfumo, kisha huweka mahali pake njia za mkato (shortcut) zenye majina yale yale. Ukibofya, folda hufunguka kama kawaida, na papo hapo umekiendesha kirusi chenyewe kikahamia kwenye kompyuta. Namna ya kuitambua hali hii ni rahisi: tazama nafasi iliyotumika kwenye flashi. Ikiwa unaona vijifaili vichache vyepesi, lakini flashi inasema gigabaiti kadhaa zimetumika, basi kazi yako imo humo humo.

Alinijia mwalimu mmoja wa madrasa na flashi yenye sauti za wazee wakisoma Maulidi, baadhi yao wakiwa wameshatangulia mbele ya haki. Aliniambia, "Mwanangu, sauti hizi haziko pengine popote," na mtu alikuwa ameshamwambia aifomati. Nafasi iliyotumika ilionyesha kwamba sauti zote zilikuwamo. Tulianza kwa kuisafisha kompyuta na flashi kwa antivirusi, na Microsoft Defender, ambayo huja pamoja na Windows 10 na 11, inatosha kwa kazi hiyo mradi imesasishwa. Baada ya hapo hufunguliwa dirisha la amri (Command Prompt) na kuandikwa attrib -h -r -s /s /d E:\*.* huku herufi E ikibadilishwa kulingana na herufi ambayo kompyuta imeipa flashi yako. Amri hiyo huondoa zile alama, na mafaili hujitokeza. Mara nyingine huwa yamehamishiwa ndani ya folda isiyo na jina, kwa hiyo usikate tamaa ukiona folda ngeni, ifungue utazame. Yanakili mafaili yako mahali pengine, kisha ufute njia za mkato na kila faili usilolijua lenye mwisho wa .vbs. Usianze na amri hiyo kabla ya kusafisha, maana kirusi kikiwa bado hai kitayaficha tena mbele ya macho yako.

Mafaili yaliyofutwa yanahitaji tahadhari kubwa zaidi. Faili linapofutwa kwenye diski ya kawaida, Windows haifuti yaliyomo. Huiweka alama sehemu ile kuwa iko huru kuandikwa upya, na yaliyomo hubaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Wasiolijua hilo hudhani kwamba kuendelea kuitumia kompyuta hakuna madhara. Kumbe kila ukurasa wa intaneti unaoufungua, kila sasisho la Windows na hata ile programu ya uokoaji unayoipakua kwa nia njema huandika kitu diskini, na pengine pale pale ulipolala mkataba wa nyumba yako. Kwa hiyo izime kompyuta. Diski itolewe na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, programu ya uokoaji iwe kwenye kompyuta hiyo ya pili, na yanayookolewa yahifadhiwe kwenye diski ya tatu, kamwe si kwenye ile yanakotolewa.

Kwa kazi hii mimi hutumia Recuva panapokuwa na mafaili machache yaliyofutwa karibuni, na PhotoRec hali inapokuwa mbaya. PhotoRec haitozi malipo, husoma tu bila kuandika kwenye diski inayochunguzwa, na hulitambua faili kwa alama zilizo mwanzoni mwake badala ya kutegemea orodha ya majina. Ndiyo maana hufaulu hata pale orodha ilipoharibika, na ndiyo maana pia picha za harusi hurudi bila majina wala folda zake, zikiwa na namba tupu, na mwenyewe hulazimika kukaa nazo na kuzipanga moja moja. Wateja hunung'unika kwa hilo, nami huwaomba subira. Ila lazima niseme ukweli kuhusu laptopu mpya zenye diski za SSD, yaani diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani yake: Windows huiarifu diski hiyo mara moja kwamba sehemu fulani haitumiki tena, na diski yenyewe huisafisha, hivyo faili lililofutwa humo mara nyingi halirudi kwa programu yoyote. Matumaini ni makubwa zaidi kwa diski za zamani zinazozunguka, flashi, na kadi za kamera.

Kisha kuna kufungwa. Hizi ni programu hasidi zinazoyageuza mafaili kwa msimbo yasisomeke bila ufunguo maalumu wa siri, zikayaongezea mwisho mgeni katika majina, na kuacha barua ya kudai fidia. Mfano ni WannaCry ya Mei 2017, iliyopita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, mwezi Machi mwaka huo huo. Nasisitiza mtu asilipe, kwa kuwa malipo hayamlazimishi mhalifu kutoa ufunguo. Tafuta kwanza tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, ambako utapakia sampuli ya mafaili yaliyofungwa pamoja na barua ya fidia na kuambiwa kama ufunguo upo. Haina malipo.

Aina niliyokutana nayo kwa wapiga picha na wanafunzi ni STOP, ambayo wengine huiita Djvu, na karibu kila mara ilikuwa imejificha ndani ya programu ya kulipiwa iliyopakuliwa bure. Kampuni ya Emsisoft ilitoa mwaka 2019 chombo cha kuyafungua mafaili ya matoleo yake mengi ya zamani. Katika matoleo mapya, chombo hicho husaidia pale tu kirusi kilipotumia ufunguo wa nje ya mtandao, yaani ule kinaoutumia kikishindwa kuwasiliana na wenyewe, na ufunguo huo umeshapatikana. Utambulisho ulio ndani ya barua ya fidia ukiishia na t1, una matumaini. Tena aina hii hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo wa kila faili na kuacha zilizobaki, kwa hiyo video ndefu au faili kubwa la zip huweza kuokolewa kwa sehemu kubwa, hali picha ndogo na barua huwa zimefungwa zote. Kama ufunguo haujapatikana, usiyafute mafaili hayo. Yaweke kwenye diski ya pembeni pamoja na barua ya fidia, kwa kuwa funguo zimewahi kutolewa baadaye.

Wakati huo huo, tafuta kazi yako nje ya kompyuta. Watu husahau kwamba hati waliyoipoteza waliwahi kumtumia ndugu aliyeko Mombasa kwa WhatsApp, au kwamba saiba waliyochapishia bado ina nakala katika barua pepe. Mwenye kutumia Google Drive aingie kwa kompyuta nyingine iliyo safi, ile yenye virusi ikiwa imekatwa intaneti, na atazame matoleo ya awali ya faili: Google huhifadhi toleo la zamani kwa siku 30, muda unaotosha ikiwa hutachelewa.

Mafaili yakisharudi, badilisha nywila zako zote kwa kutumia kifaa kisichoguswa, kwani STOP imekuwa ikiandamana na programu za kuiba nywila. Na wenye nyumba za wageni hapa mjini wanaohifadhi nakala za pasipoti wana jukumu zaidi: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu agundue kwamba taarifa hizo zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kwamba wenyewe wako hatarini kudhurika, na wageni wenyewe nao wajulishwe.