Jina la faili lenye nukta mbili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika programu ya Python inayopokea kazi za wanafunzi zikiwa mafaili ya tar (mafaili mengi yaliyofungwa pamoja kuwa moja), kisha inayafungua kwenye seva. Mwenzangu anasema mtu anaweza kuandika nje ya folda niliyoipanga. Itawezekanaje, na folda nimeitaja mwenyewe? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako kasema kweli, tena mshukuru.

Folda umeitaja wewe, lakini majina ya vilivyomo ndani ya tar kayaandika aliyeifunga. Akianza jina kwa ../, hiyo ni amri ya kupanda folda moja juu. Akiirudia mara tatu, anapanda mara tatu, na programu isiyohoji itamfuata na kuandika juu ya chochote itakachokikuta chenye jina hilo.

Habari za Zip Slip, yaani kasoro hiihii kwenye mafaili ya zip na ndugu zake, zilipotoka Juni 2018, nilifunga zip ya namna hiyo nikaijaribu kwenye mfumo niliomwandikia mteja kwa Java. Wakati ule wengi wetu tulinakiliana kile kitanzi cha kufungua zip, maana Java haikuwa na amri moja ya kuifungua nzima. Faili langu likatua kwenye folda ya mipangilio ya seva. Nilimpigia mteja usiku uleule. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Kwa tarfile, moduli ya Python ya kufungua tar, kasoro hii ina namba ya mwaka 2007 katika CVE, orodha ya kasoro za usalama zinazojulikana: CVE-2007-4559. Kwa miaka mingi tuliachiwa onyo tu kwenye maelezo, kwamba tusifungue faili tusiloliamini. Onyo halitoshi, kwa sababu anayeanza kazi hulikosa. Python 3.12 ya mwaka 2023 ilikuja na kichujio cha kukataa mafaili yanayotoka nje ya folda, na kuanzia 3.14 kinafanya kazi bila kuombwa. Wewe kiombe waziwazi: extractall(folda, filter="data"). Na usasishe Python yenyewe, kwani mwaka 2025 kichujio hicho nacho kilikutwa na tundu, likazibwa.

Tafadhali usijitungie ukaguzi wa kutafuta nukta mbili (..) kwenye majina. Tar inaweza kubeba kiungo (symlink) chenye jina safi kinachoelekea folda ya nje, halafu faili linalofuata likapitia humo. Jina linaloanza na mkwaju (/), yaani linaloanzia kwenye mzizi wa diski, nalo halihitaji nukta hizo.

Leo jioni, kwenye kompyuta yako, funga tar yenye ../jaribio.txt uipe programu yako. Ikikubali, izime kwenye seva kabla hujala.