Mvua Haina Ratiba, Mkopo Unayo

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vijana waliokodi mashamba, wakaweka fedha za mkopo ardhini, kisha hali ya hewa ikawageuka. Nimechagua tatu, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa kuwa imebeba maswali ya wengi.

Shikamoo Mshauri. Nina umri wa miaka 27 na ninalima nyanya wilayani Kilosa, katika shamba la kukodi la ekari mbili kandokando ya mto. Masika ya 2024 maji yaliingia shambani nyanya za ekari zote mbili zikiwa zimeanza kuiva, na matenga niliyovuna hayakutosha hata kuwalipa vibarua. Baada ya hapo nililima kiangazi ili nikwepe mafuriko, lakini mto ukapungua mno na mdudu kantangaze akamaliza kilichobaki. Bado ninadaiwa mkopo wa kikundi. Rafiki zangu wananishauri nikope tena ninunue mfumo wa umwagiliaji wa matone na pampu ya sola. Je, nifanye hivyo?
*Mkulima wa nyanya, Kilosa*

Marahaba kijana wangu, na pole sana kwa hasara mbili mfululizo. Ushauri wangu ni kwamba usikope kwa ajili ya vifaa kabla hujabadilisha mahali unapolima na namna unavyopanga fedha zako, kwa sababu pampu haizuii mafuriko, na mipira ya matone haisogezi mbele tarehe ya rejesho.

Tuanze na mahali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo huenda sehemu ya shamba lako haikupaswa kulimwa tangu mwanzo, na aliyekukodisha hakukwambia. Hujautaja mto wenyewe, lakini kama ni Mkondoa, waulize wenyeji wako habari za mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyobomoa hata njia ya reli. Tafuta shamba la juu kidogo, uombe kibali cha kutumia maji kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mkataba wa kukodi uandikwe, tena uwe wa zaidi ya msimu mmoja. Hapa ndipo vijana wengi wanapoumia kimyakimya: hakuna mwenye akili timamu atakayechimba makinga maji na kumwaga samadi katika ardhi atakayonyang'anywa baada ya miezi sita, na bila samadi na makinga maji shamba haliwezi kuhimili mvua kubwa wala jua kali.

Sasa maji. Milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni lita zipatazo 4,000. Nyanya zinazozaa, katika joto la kiangazi, huhitaji takriban milimita 5 kwa siku, yaani lita 20,000, au simtanki nne za lita 5,000, kila siku, kwa ekari moja tu. Mfumo wa matone hupunguza maji yanayopotea kwa kutiririka na kukauka juu ya udongo, lakini kiu ya mmea wenyewe iko palepale. Kabla ya kununua chochote, azima pampu mwezi Oktoba, maji yanapokuwa chini kabisa, ujaze ndoo ya lita 20 huku ukihesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 20, unapata lita 3,600 kwa saa, na kwa kuwa pampu ya sola hufanya kazi vizuri kwa saa kama sita za jua kali, utakuwa na maji ya ekari moja, wala si mbili. Muuzaji wa pampu hatakufanyia hesabu hii.

Kuhusu fedha, kosa lililo wazi katika barua yako ni kupanda ekari zote mbili kwa wakati mmoja. Panda nusu ekari, na nusu nyingine baada ya wiki tatu au nne, ili mvua kubwa ikishuka isikukute na mtaji wako wote ukiwa katika hatua ileile ya kuchanua au kuiva. Nyanya za masika zina bei nzuri kwa sababu ni wachache wanaozifikisha sokoni zikiwa salama dhidi ya ukungu na maji. Bei ile ni ujira wa hatari. Lima sehemu unayoweza kuipoteza bila kuuza kitanda, na uilime kwa fedha zako, kamwe si za mkopo. Eneo la bondeni lililo nje ya zile mita 60 lipandwe mpunga wakati wa masika, maana mpunga huvumilia maji yanayoiua nyanya.

Kama mkopo wenu wa kikundi ni wa halmashauri, kumbuka kwamba mikopo hiyo, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo vijana wametengewa asilimia 4, haina riba, lakini marejesho yake yana tarehe. Kikundi chenu kiende kwa afisa maendeleo ya jamii na kuomba kwa maandishi ratiba inayoanza baada ya mavuno, mkiambatanisha kalenda yenu ya kupanda. Kwa deni lililopo, nendeni kabla hamjaitwa.

Kantangaze nitamgusa kwa ufupi. Joto na ukavu humfanya azaliane haraka, na amekwisha kuzoea viuatilifu vingi. Ng'oa na kuteketeza masalia ya nyanya mara tu unapomaliza kuvuna, tundika mitego ya harufu tangu miche ikiwa michanga, badilisha aina ya kiuatilifu kwa ushauri wa afisa ugani, na usipande nyanya pale palipotoka nyanya, bilinganya au viazi mviringo.

Shikamoo. Mimi na mdogo wangu tunalima alizeti ekari nane wilayani Mkalama, Singida. Mvua huanza Desemba, kisha hukata Februari kwa wiki tatu, alizeti zikiwa zinachanua. Wakala wa bima amekuja kijijini na kusema tukilipia tutafidiwa ukame. Tumwamini?
*Dada wawili, Mkalama*

Marahaba wanangu. Bima ya mazao ipo kihalali, na tangu 2023 makampuni ya bima nchini yameunda umoja wa kukikatia kilimo bima. Hata hivyo, bima ya aina hii mara nyingi haiangalii shamba lenu. Huangalia kipimo cha mvua kilichochukuliwa kwa setilaiti au kituo cha hali ya hewa. Mvua ikinyesha penye kipimo na kuruka kwenu, mnaweza kukosa fidia huku alizeti zimekauka. Mwulizeni wakala awaonyeshe kwa maandishi kipimo kinachukuliwa wapi, mvua ikipungua hadi milimita ngapi ndipo fidia hulipwa, na kama kipindi cha bima kinaifikia Februari yote, maana bima inayoishia mbegu zinapoota haiwahusu. Mwombeni pia leseni yake ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Akijikanyaga katika hayo, agananeni naye kwa heshima.

Nisingeweka matumaini yote kwenye bima. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa mwelekeo wa msimu, msiishie kwenye maneno "juu ya wastani" au "chini ya wastani". Someni tarehe za kuanza kwa mvua katika mkoa wenu na onyo la vipindi virefu vya ukavu. Gawanyeni ekari nane katika tarehe mbili za kupanda ili zisichanue zote wiki moja, na sehemu moja iwe mtama. Limeni matuta yaliyofungwa kwa vizuizi vifupi kati yake, ili mvua ya Januari inayotiririka hadi barabarani ibaki chini ya mizizi. Kazi hiyo ni ngumu kwa jembe la mkono. Anzeni na ekari mbili.

Habari za kazi, Mshauri. Nimeahidiwa kitalunyumba kwa mkopo ili nisisumbuliwe tena na mvua. Niko Muheza, Tanga. Nichukue?
*Msomaji, Muheza*

Nzuri, ahsante. Kwa joto na unyevu wa Muheza, kitalunyumba cha nailoni kilichofungwa pande zote huwa tanuri, na nyanya hupukutisha maua joto linapopanda sana, hasa usiku usipopoa. Paa la nailoni lenye pande za wazi zilizozungushiwa neti huzuia mvua kwa gharama ndogo zaidi. Ukishikilia kitalunyumba, mtafute kwanza mtu wa huko aliyekwisha kununua, uingie ndani saa nane mchana ukiwa na kipimajoto, na umwulize nailoni aliibadilisha lini na kwa shilingi ngapi.