Maswali ya Wasomaji: Mashine za Mama Ndani ya Meli ya Kitalii

SWALI: Assalaam aleykum, Mhariri. Kaka yangu anayeishi Texas amemkatia mama yetu tikiti ya safari ya siku saba kwa meli ya kitalii itakayong'oa nanga Galveston. Mama hulala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani kupitia barakoa, kwa sababu pumzi humkatika usingizini, na pumu ikimbana hutumia nebuliza ya umeme, inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta. Zote mbili tulizinunua hapa Mombasa, na plagi zake ni zile za pini tatu za mraba. Pia anachoma insulini. Kaka anashauri tununue ekstensheni kubwa yenye kinga ya umeme, ili kila kitu kichomekwe mahali pamoja. Je, tufuate ushauri huo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleykum salaam, dada. Ekstensheni hiyo ndiyo kitu cha kwanza cha kuacha nyumbani. Kampuni nyingi za meli zimepiga marufuku ekstensheni zenye kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla, na zikionekana wakati wa ukaguzi bandarini huchukuliwa. Abiria wengi hudhani huo ni ukali wa bure, kwa kuwa huku kwetu mtu mwangalifu hata televisheni haichomeki bila frijigadi, kile kifaa cha kuikinga na umeme unaopanda na kushuka. Lakini umeme wa meli haukufungwa kama wa nyumbani. Nyumbani waya mmoja una moto, yaani ndio unaoleta umeme, na wa pili umeunganishwa na ardhi, kwa hiyo kinga ikikata ule wenye moto, hatari imekwisha. Katika meli nyingi nyaya zote mbili huwa na moto zikipimwa dhidi ya bodi ya chuma ya meli, na kinga ya kawaida ikikata mmoja, wa pili hubaki hai, huku vipande vya ndani vya kinga hiyo vikiweza kupata joto hadi kuwaka. Mwaka 2013 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu vifaa hivyo, baada ya moto kuzuka karibu kwa wakati mmoja katika vyumba viwili vya meli ya makontena.

Sasa tuje kwenye CPAP, ambayo ndiyo rahisi zaidi. Kabini za meli zinazosafiri kutoka Marekani kwa kawaida huwa na soketi za Kimarekani za volti 110, na mara nyingi moja ya volti 220 yenye matundu ya mviringo, zote zikiwa kwenye meza ya kujipambia, mbali na kitanda. Chukueni kile kiboksi kilicho kwenye waya wa mashine, msome maandishi madogo yaliyo chini yake. Kikiandikwa volti 100 hadi 240 na hezi 50/60 (hezi ni kasi ya mapigo ya umeme kwa sekunde), kama zilivyo CPAP nyingi za kisasa, mama anahitaji adapta ya kubadilisha umbo la pini tu.

Nebuliza ni habari nyingine. Nyingi zinazouzwa kwetu ni za pampu inayoendeshwa na mota ya volti 230 na hezi 50 peke yake. Kwenye volti 110 pampu hiyo haitapata nguvu ya kuivukiza dawa ipasavyo, na adapta ya pini haitaisaidia, kwa kuwa haigusi volti hata kidogo. Hata ile soketi ya 220 haimalizi tatizo, maana umeme wa meli hizo kwa kawaida ni wa hezi 60, na mota iliyotengenezwa kwa 50 haitazunguka kama ilivyokusudiwa. Mimi nisingehangaika na transfoma. Ningenunua nebuliza ndogo ya wavu, yaani inayopitisha dawa kwenye wavu wa matundu madogo sana badala ya kutumia pampu, nayo hutumia betri, lakini baada ya daktari kuthibitisha kwamba dawa ya mama inaweza kupita kwenye wavu huo, kwa sababu si kila dawa hupita vizuri.

Kaka aiandikie kampuni ya meli mapema, kwa barua pepe, wala asitegemee maneno ya simu. Kampuni nyingi zina fomu ya abiria wenye mahitaji ya kiafya, na kwa kupitia fomu hiyo mama anaweza kuazimwa ekstensheni iliyoidhinishwa, akawekewa maji yaliyokenekwa kwa ajili ya tangi la CPAP, na akapewa friji ya dawa. Friji ndogo ya vinywaji iliyomo kabini isiaminiwe kwa insulini ambayo haijafunguliwa, kwani insulini hiyo inataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na friji nyingi za aina hiyo hupoza soda tu. Jibu la kampuni lichapishwe, mama asafiri nalo.

Kuhusu betri ya akiba kwa CPAP, wengine wataona ni gharama isiyo ya lazima. Mimi naiunga mkono. Februari 2013 moto ulizuka katika chumba cha injini cha meli Carnival Triumph ikiwa Ghuba ya Meksiko, na abiria wakakaa siku kadhaa bila umeme wa kutosha hadi meli ilipovutwa kufika Mobile, Alabama. Jenereta ya dharura melini hutanguliza mitambo ya usalama, si soketi za kabini. Betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 (kipimo cha umeme ambao betri huhifadhi, huandikwa Wh) hubebwa ndegeni bila kibali maalumu. Ikizidi hapo hadi 160, shirika la ndege liombwe ruhusa. Betri ya akiba hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaopakiwa chini. Mama akizima kipasha joto cha maji cha CPAP, betri itadumu muda mrefu zaidi.

Mashine zenyewe, pamoja na dawa, mama azishike mkononi siku ya kupanda meli, tangi la maji likiwa tupu. Mabegi wanayokabidhiwa wapagazi bandarini huweza kuchelewa kufika kabini hadi usiku.