Sorbeti ya limau: usibanie sukari

Sorbeti, kitamutamu cha kugandishwa kama aiskrimu, haina maziwa wala krimu. Ni maji, sukari na limau basi, na kwa kuwa hakuna mafuta ya kuficha kosa, vipimo vikienda kombo kidogo utatoa jiwe kwenye friza, au utatoa uji usioganda. Kosa linaloharibu sorbeti nyingi hutoka kwa mtu mwenye nia njema kabisa: anaona sukari ni nyingi, anaipunguza kwa nusu, halafu kesho yake kijiko kinapinda.

Vipimo ni hivi: maji mililita 500, sukari gramu 250, maji ya limau mililita 250 yaliyochujwa, maganda ya malimau mawili, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Zinatosha watu sita hivi. Malimau ya wastani matano au sita hutoa kiasi hicho cha maji, lakini nunua saba, maana mengine huwa makavu ndani. Sukari ipime kwa mizani, kwa sababu vikombe havilingani.

Sukari hapa haikuwekwa kwa ajili ya utamu tu. Maji matupu yakifika sifuri huganda yote na kuwa bonge moja. Mchanganyiko wenye sukari robo ya uzito wake, kama huu, huanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na kadiri barafu inavyojitenga, kimiminika kinachobaki kinazidi kuwa shira nzito, ambayo huganda kwa shida zaidi. Hata kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bado kuna shira kidogo kati ya punje za barafu, na ndiyo inayokiruhusu kijiko kupita. Ukipunguza sukari, shira hiyo inapungua na punje zinashikana. Ukizidisha, haishiki kabisa.

Kama utamu ndio unaokukera, dawa yake ni kubadilisha gramu 50 za sukari kwa gramu 50 za glukosi ya unga isiyo na ladha. Glukosi haina utamu mkali kama sukari ya mezani, lakini gramu kwa gramu inazuia kuganda zaidi yake, hivyo sorbeti inakuwa laini huku utamu ukishuka. Usivuke kiasi hicho, la sivyo itayeyuka kabla haijafika mezani.

Anza na maganda kabla ya kukamua, kwa sababu limau lililokamuliwa halikwaruziki. Osha malimau vizuri, kisha kwaruza ile ngozi ya njano peke yake kwa matundu madogo ya kikwaruzio. Ukiona weupe, geuza limau. Weupe ndio wenye uchungu, na uchungu huo ukishaingia hautoki. Mwaga maganda juu ya sukari na usugue kwa ncha za vidole dakika mbili hivi, mpaka sukari ilowe kidogo, igeuke njano na kushikamana kama mchanga mbichi. Mafuta ya ganda ndiyo yenye harufu ya limau, na sukari huyatoa vizuri kuliko maji.

Weka sukari hiyo na maji kwenye sufuria ya stili. Aluminiamu iache, kwani asidi ya limau huila na kuacha ladha ya chuma. Pasha moto mpaka sukari iyeyuke yote, epua mara mapovu yanapoanza pembeni, tia chumvi, funika kwa dakika 15, halafu chuja. Usiache ichemke muda mrefu, maana maji yatapungua na vipimo vyako vitabadilika. Maji ya limau yanaingia shira ikishapoa kabisa. Yakipata moto hupoteza ule ukali wa limau bichi.

Sasa onja. Mchanganyiko ukiwa bado haujaganda lazima uonekane mtamu kupita kiasi, kwa sababu ulimi ukipata baridi husikia utamu kidogo. Kuna kipimo cha zamani cha yai: osha yai bichi, liwe safi na jipya, kisha litumbukize. Likizama, ongeza sukari kidogo na ukoroge mpaka iyeyuke. Likielea na kuonyesha kiduara cha upana wa sarafu, umepatia.

Weka mchanganyiko kwenye friji saa nne au zaidi. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayowaletea punje kubwa: kinachoanza kuganda kikiwa cha uvuguvugu huganda polepole, na barafu inayoganda polepole hutengeneza punje kubwa. Mwenye mashine ya aiskrimu agandishe bakuli lake saa 24. Ukilitikisa usisikie maji yakicheza ndani. Izungushe kwa dakika 20 hadi 30, uizime sorbeti ikifanana na barafu iliyokunwa laini na mwiko ukiacha njia isiyojifumba.

Huna mashine? Tumia trei pana ya stili, kina kisizidi sentimita 3. Baada ya dakika 45 kingo zitakuwa zimeshika. Zikwangue kwa uma na uzirudishe katikati. Rudia kila nusu saa mara nne au tano. Mwishoni itie kwenye blenda na uisage kwa vipindi vifupi, sekunde chache kila kimoja, kisha irudishe kwenye friza saa mbili. Blenda ikizunguka mfululizo inaiyeyusha.

Hifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, plastiki ya kufunikia chakula ikiwa imegusa uso wa sorbeti yenyewe ili isiote barafu. Harufu ya limau ni nzuri zaidi ndani ya wiki ya kwanza. Itoe dakika tano hadi kumi kabla ya kuipakua.

Iliyokuwa jiwe usiitupe. Iyeyushe yote, ongeza vijiko viwili vya chakula vya sukari, koroga hadi isikwaruze chini ya bakuli, ipoze kwenye friji na uigandishe upya. Iliyokataa kuganda nayo iongezee maji kidogo kidogo, ukipima kwa yai, na robo kijiko cha chai cha maji ya limau kwa kila kijiko cha chakula cha maji ili ladha isipwaye.