Kuhusu Shamba la Marehemu Baba Yako

Mwanangu,

Ama baada ya salamu na dua, barua yako kutoka Muscat nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho usiku wa hitima ya siku mia ya marehemu, wageni walipokwisha kuondoka na mikeka kukunjwa. Umeniuliza kwa nini mdogo wako anataka shamba la mpunga la baba yenu liandikwe kwa jina lake peke yake, na kama hiyo si dhuluma. Sitakujibu ndiyo wala la kabla hujalijua shamba lenyewe, kwa kuwa uliondoka hapa ukiwa msichana wa miaka kumi na minane, na ulichokijua wakati huo ni matuta ya kupitia ukienda shule, si mipaka.

Babu yako alikuwa na bau moja, yaani ubin 500 kwa hesabu ya watu wa Banyumas hapa Java, na kila ubin ni mita za mraba 14 hivi. Watoto wake wanne waligawana sawasawa, baba yako akapata ubin 125. Sasa shika kalamu. Kwa mirathi ya Kiislamu, ambayo serikali ya Indonesia iliiweka katika mkusanyo wa kanuni mwaka 1991, mimi mjane nina thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki ni mafungu matatu: mawili ya mdogo wako, moja lako. Wajava wenyewe wana msemo wa namna hiyo hiyo, kwamba mwanamume huchukua mzega, mzigo huku na huku begani, na mwanamke huchukua mbeleko, mzigo mmoja mgongoni, ingawa nyumba nyingi hapa, kama ya babu yako, huwapa wote sawa. Kwa hesabu ya mzega na mbeleko, fungu lako ni ubin 36 na kitu, kama mita za mraba 500. Nilikwenda kulipima kwa miguu. Msimu ukiwa mzuri, kipande hicho hutoa magunia matano au sita ya mpunga ya kilo 50, na mlimaji wa nusu kwa nusu, desturi wanayoiita maro, huondoka na nusu yake. Kitakachobaki hakitakulipia tiketi ya kuja kukitazama.

Lakini udogo si hoja ya kumnyima mtu haki yake, na mdogo wako asijifiche nyuma yake. Hoja yenye uzito ni nyingine. Miaka minane sasa yeye ndiye anayeamka usiku zamu ya maji inapofika, ndiye anayekwenda na jembe siku ya kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, na ndiye anayepeleka wali na kuku kwa majirani kabla ya kuanza kuvuna, hata kama imamu wa msikiti wetu hukunja uso akilisikia jina la Dewi Sri, mungu wa kike wa mpunga katika imani za kale za Wajava. Hapa shamba huja na watu wake. Asiyetokea mferejini hafukuzwi wala hatozwi faini. Ila siku akijenga nyumba, hakuna atakayekuja kumwinulia paa.

Halafu kuna karatasi. Kila mwaka tumelipa kodi ya ardhi, na baba yako, Mungu amrehemu, aliihifadhi risiti ya kodi kabatini kana kwamba ndiyo hati. Siyo. Shamba limo katika kitabu cha kijiji, kile wanachokiita Letter C, na humo bado limeandikwa jina la babu yako. Wapimaji wa serikali walipopita kutoa hati, kiwanja cha nyumba kilipata hati kwa jina la baba yako. Shamba lilikosa kwa sababu shangazi yako mmoja alikuwa Lampung, kule Sumatra, na sahihi yake haikupatikana. Kanuni ya Februari 2021 ilizipa karatasi hizo za kale miaka mitano tu ya kukubaliwa kama ushahidi wa umiliki, na baada ya hapo zinabaki kuwa kielekezi. Tulizembea, nami nilikuwa mmoja wa waliosema tutafanya kesho.

Sasa nikueleze jambo linalotugusa mimi na wewe. Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 hairuhusu mgeni kuwa na haki kamili ya umiliki. Akiirithi, ana mwaka mmoja wa kuitoa kwa raia. Mimi ni mtu wa Pangani na pasipoti yangu bado ni ya Tanzania, kwa hiyo thumni yangu ina saa inayohesabu. Wewe ulichagua uraia wa baba yako, ukadhani umeokoka. Hujaokoka, kwa kuwa kanuni nyingine za miaka hiyo ya sitini zinataka mwenye shamba aishi katika tarafa ya shamba lake au ya jirani, na mrithi aliye mbali pia hupewa mwaka mmoja tangu kifo: ahamie, au alitoe kwa mkazi. Ni kweli kwamba watu wengi wa Jakarta wana mashamba huku kwa majina ya binamu zao na hakuna anayewauliza. Sitaki tuwe hivyo, kwa sababu jina la kuazima huwa jina la kweli mwenye kuazima akifa. Na juu ya yote, shangazi zako wanashikilia kwamba mali ya marehemu haiguswi mpaka siku elfu zitimie. Sheria inatupa siku 365, na mia zimekwisha kwa visomo.

Ndiyo maana nakushauri hivi. Shamba liende kwa mdogo wako, pamoja na thumni yangu humo. Kiwanja cha nyumba, ubin 50 kando ya barabara, kiende kwako pamoja na thumni yangu pia, naye aliachie fungu lake, kwa kuwa kiwanja cha nyumba si shamba na sharti la kuishi karibu halikihusu. Ubin moja ya barabarani inauzwa ghali kuliko ya mpungani, kwa hiyo hutapunjwa. Nyumba yenyewe nataka nikae humo mpaka nife, na hilo liandikwe.

Pamoja na kiwanja utapata minazi kumi na miwili. Kwetu Pangani nilikua nikijua kwamba mtu aweza kuwa na minazi katika ardhi ya mwingine, na hapa nimekuta jambo la jamaa yake: minazi ni yetu, ila anayeigema ni jirani. Hupanda asubuhi na jioni, mvua isimzuie, na mkewe huchemsha utomvu mpaka uwe sukari guru. Wagema wa kwetu husifiwa wakatia tembo maji. Huyu hutia chokaa katika kigogo cha mwanzi ili utomvu usichache, na hakuna anayemsifu. Sukari ya siku tano ni yake, ya siku tano zinazofuata ni yetu. Usimwondoe. Mwaka juzi mgema wa upande wa pili wa mto alianguka, akabaki hana miguu, na deni lake kwa mnunuzi wa sukari likabaki pale pale.

Jambo moja sijalisema, na lazima ulijue ili uyapime maneno yangu. Kibali changu cha kuishi nchini kilikuwa kwa udhamini wa baba yako, na sasa mdhamini wangu ni mdogo wako. Hajanitishia kwa hilo hata siku moja. Lakini nimekuandikia nikiwa chini ya mkono wake, basi ukiona nimemwelemea, mwulize baba yako mkubwa, ambaye hana haja na upande wowote.

Ukikubali, nenda ubalozi wa Indonesia hapo Muscat uandikishe waraka wa uwakilishi kwa jina la baba yako mkubwa, si la mdogo wako, uniletee pamoja na nakala ya kitambulisho chako. Shangazi yako wa Lampung anakuja baada ya mavuno, na safari hii simruhusu kuondoka kabla hajatia sahihi.

Mama yako